Chumba Namba Nne

Niliporudi mchana ule kutoka kupeleka ovaroli za wateja, nilimkuta dalali Jackson amesimama mbele ya chumba changu, anampimia mtu dirisha langu kwa mikono. Mtu mwenyewe alikuwa kijana mgeni, buti zake za kazi hazijaona hata tope, na alikuwa ameingiza kichwa dirishani anatazama kitanda changu. Pazia nililolishona mwenyewe alikuwa amelisogeza kwa vidole viwili, kama vile lina ugonjwa.

"Jackson," nikasema. "Umepotea nyumba?"

"Aa, dada Hilaria. Nilijua uko kazini."

"Nimerudi. Mwambie huyo atoe kichwa chake kwangu."

Kijana akatoa kichwa. Jackson akacheka kile kicheko cha madalali, cha kutaka kubaki rafiki wa kila mtu.

"Usikasirike, dada. Mzee Nchagwa ndiye amenituma. Kasema namba nne inakuwa wazi Jumamosi, nimtafutie mtu mtaratibu. Mimi nilijua mmeshaongea."

"Namba nne ipi?"

"Si ndiyo hii."

"Hii yangu?"

Akatazama chini. "Sasa mimi nitajuaje, dada? Mimi naambiwa tu, natafuta mtu."

"Tokeni," nikasema. "Wewe na mteja wako. Tokeni kabla sijachukua pasi."

Wakatoka. Pasi yangu ni ya mkaa, na Jackson anaujua uzito wake kwa sababu suruali zake nazinyoosha mimi. Nilibaki nimesimama mlangoni na mfuko mtupu wa ovaroli mkononi.

Mtaa wetu hapa Kewanja unaitwa Zizini. Zamani ilikuwa miji ya wafugaji watupu, kila mji na zizi lake katikati. Mgodi ulipokua na watu wa kila mkoa wakamiminika, mazizi yakaanza kuondoka moja moja. Palipolala ng'ombe pakajengwa vyumba vya kupanga, na palipokuwa na nyumba za udongo zikainuka gesti za ghorofa zenye vioo vya bluu. Siku hizi hakuna wiki inayopita bila kusikia mpangaji wa zamani kapewa notisi ili aingie mtu wa kandarasi. Wenzangu wengi wameshahama. Mimi nilijiona salama kwa sababu moja tu, kwamba mwenye nyumba wangu ni Mzee Nchagwa.

Mzee yule alikuwa na kawaida ya kuja asubuhi kukaa kwenye jiwe lililo mbele ya mlango wangu. Lilikuwa jiwe la lango la zizi lake, na mafundi walipojenga vyumba aliwakataza kuling'oa. Mimi nashona, yeye anakunywa uji wangu na kunisimulia ng'ombe. "Hapo kitanda chako kilipo," aliniambia siku moja, "ndipo alipokuwa analala dume langu jeusi. Alikuwa na hasira kama zako, binti yangu." Aliniita binti yangu. Mimi baba yangu sikumjua. Nilizaliwa Muleba, nikalelewa Mwanza na shangazi katika vyumba vya watu, tunahama kila mwenye nyumba anapotuchoka, mpaka shangazi mwenyewe akafa. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniita binti yake na kumaanisha. Kwa hiyo msinishangae nikisema kwamba kilichoniuma mchana ule hakikuwa chumba.

Yote yaliharibika baada ya Pasaka, Elia alipomwambia baba yake kwamba anataka kunioa.

Elia ni mtoto wa mwisho wa Mzee, dereva wa gari la maji. Nilimjua kwa mfuko wa ovaroli. Kila wiki alikuwa analeta ovaroli ileile, mfuko uleule umechanika, anakaa kwenye jiwe la baba yake ananitazama nashona mpaka namaliza. Nikamuuliza anabeba nini mfukoni, misumari? Akanitazama kwa yale macho yake mazito, nikajichoma sindano. Baadaye sana ndipo alipokiri kwamba mfuko alikuwa anauchana mwenyewe kwa kisu. Mtu wa namna hiyo utaacha kumpenda vipi?

Lakini siku ya pili baada ya yeye kusema na baba yake, jiwe lilikuwa tupu. Nikapika uji, ukapoa, nikaumwaga. Nilipomkuta Mzee kisimani nikasema shikamoo. Aligeuza uso akaondoka kama hakusikia. Kiti chake akakihamishia nyuma ya nyumba kubwa, nisimwone. Nilikuwa namrekebishia koti lake la kijivu, mkono wa kushoto nimeshaukunja na kuubana pini, na hata hilo akamtuma Mama Elia alichukue hivyohivyo, na pini zake.

Nilipomuuliza Elia, jibu lake lilikuwa lilelile. "Mzee yuko sawa, Hila. Amekubali. Vumilia."

"Amekubali nini, wakati hata shikamoo yangu haitaki?"

"Ndivyo alivyo." Kisha ananishika mkono, na mimi mjinga nanyamaza.

Sasa nilikuwa nimeelewa, au nilidhani nimeelewa. Mzee alikuwa hataki mtu wa kuja aolewe na mwanawe, na kwa kuwa hakuweza kulisema usoni, amemtuma dalali. Niliuacha mlango wazi, nikachomoa ufunguo kwenye kufuli, nikavuka ua kwenda nyumba kubwa.

Mzee alikuwa nyuma, kwenye kiti chake. Aliponiona nakuja aliinuka akaingia ndani. Nikaingia nyuma yake. Mama Elia alikuwa jikoni anachambua mboga.

"Mwanangu, usiingie huko," akasema.

"Naingia, mama. Leo naingia."

Mzee akaingia chumbani kwake. Na mimi nikaingia. Alikuwa amesimama karibu na kitanda, uso ameugeuzia ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu, na kuona vile hasira zangu zikaongezeka.

"Mzee, nigeukie. Mimi si mwizi."

Akasogea karibu zaidi na ukuta.

"Kama ni kabila langu, niambie ni kabila. Kama ni kwa sababu sina baba wa kukaa naye mkapanga, niambie hivyo, nitasikia. Ulikunywa uji wangu. Uliniita binti yako. Halafu unanitumia Jackson?"

"Mama Elia," Mzee akauambia ukuta. "Mwondoe huyu mtoto humu."

"Niko hapa, mzee. Niambie mwenyewe."

Basi nikamsogelea, nikaushika mkono wake wa kulia, nikaufungua, nikauweka ufunguo katikati ya kiganja na kuvikunja vidole vyake kwa vidole vyangu.

"Chukua," nikasema. "Sina haja ya kusubiri Jumamosi."

Ufunguo ukaanguka sakafuni. Mzee akavuta kofia yake hadi machoni, akapita ukutani pembeni yangu bila kunigusa, akatoka mlango wa nyuma. Fimbo yake ilibaki imeegemea kitanda. Mzee yule hatembei bila fimbo.

Mama Elia alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili kichwani.

"Hilaria," akasema polepole. "Umefanya nini, mwanangu."

Elia alifika nikiwa nafunga vyombo. Alikuja mbio, ovaroli imelowa maji mpaka magotini, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Umemshika baba mkono."

"Nimemshika."

"Chumbani kwake."

"Chumbani kwake. Ulitaka nimfuate wapi? Kila nikija anakimbia."

"Anakimbia kwa sababu wewe ni mkamwana wake, Hilaria!"

Nilikuwa na sufuria mkononi. Nikaishusha.

"Sema tena."

Akakaa kitandani, akajifuta uso kwa kiganja. "Sisi tuna insoni. Ni heshima na aibu pamoja, sijui Kiswahili mnaiitaje. Baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawasalimiani njiani. Na kule anakolala, mkamwana haweki mguu. Siku niliyomwambia nataka kukuoa na yeye akasema sawa, siku ileile ulikoma kuwa mpangaji. Angekaaje tena mlangoni kwako? Angekunywaje uji wako?"

"Na koti?"

"Koti la mkwe litaning'inia vipi chumbani unakolala?"

"Na notisi?"

"Utalala vipi nyumba ya baba mkwe kabla hujaolewa? Na posa tuilete wapi? Mzee mwenyewe ameuliza, ng'ombe watoke mlangoni kwangu, wazunguke, warudi mlangoni kwangu? Watu si watanicheka? Ndiyo amekutafutia kwa Mama Verdiana, hapo ng'ambo ya barabara. Vyumba viwili. Cha kulala, na cha mbele kinachotazama njia, kwa ajili ya cherehani yako. Mama Verdiana ni mtu wa Bukoba, karibu na kwenu Muleba. Mzee amemwomba asimame kama mama yako, ili wazee wakija na posa wakute mji wenye mtu."

Nilikaa chini pale pale, katikati ya masufuria. Nikaona yule mzee anavuka barabara na fimbo yake, anamweleza mama wa watu kwamba kuna binti hana kwao, na anataka apate kwao kabla hajaja kwake. Nikamwona amegeukia ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha hasira zikarudi, na safari hii zilikuwa zinamjua mwenyewe.

"Wewe ulijua haya yote," nikasema.

"Kila mtu anajua, Hila."

"Kila mtu nani? Mimi nilijua?"

"Nilidhani ni hivyo kila mahali."

"Mimi sina baba, Elia. Baba mkwe ningemwona wapi? Umepita hapa asubuhi ukaniona namwaga uji. Kesho yake ukapita, namwaga. Umeniona nalia kwa sababu ya koti. Na ulichokuwa nacho cha kuniambia ni vumilia."

"Niliona aibu. Mambo hayo sisi hatuyasemi."

"Kwa anayeyajua hayana haja ya kusemwa. Ni mimi niliyehitaji kuambiwa. Mfuko unajua kuuchana kwa kisu, mdomo kuufungua hujui?"

Akanyoosha mkono anishike. Nikauvuta wangu.

"Usiniguse. Leo nimeshika mikono ya kutosha."

Nilimpenda hata dakika ile, shingo yake ina vumbi, macho yamejaa maji, na ndiyo maana nilitamani kumtwanga na pasi. Nikamuuliza sasa itakuwaje.

"Sijui," akasema. "Baba mdogo wa Busawe hakukutaka tangu mwanzo. Anasema tuoe nyumbani. Akisikia hili, amepata la kusema mbele ya wazee. Na akisema yeye na mzee akanyamaza, basi."

"Basi nini?"

Akainama akakamua maji kwenye mguu wa ovaroli. Nikaelewa kwamba kwetu, nilikotafutiwa kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa nimekutupa kwa mkono wangu mwenyewe.

Jua lilipokuwa linashuka Mama Elia akaja kuniita. Alinikalisha kwenye kona ya baraza, upande wa jikoni. Upande wa pili wa kona, Mzee alikuwa amesharudi na amekaa. Niliona ncha ya fimbo yake tu. Elia alisimama uani kama aliyeshtakiwa. Mama Elia akakaa kwenye kona yenyewe, akituona sote wawili.

"Mama Elia," Mzee akasema. "Huyo mtoto yupo?"

"Yupo."

"Bado ana hasira?"

Mama Elia akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Ningemdanganya ili iweje?

"Anazo bado."

"Na mimi ninazo. Mwambie hivyo. Mtu mzima kama mimi kufukuzwa chumbani kwake mpaka anasahau fimbo, si jambo dogo."

"Amesikia."

"Mwambie pia kwamba mwanangu ni mjinga. Siku ileile aliponiambia anataka kuoa, nilimwambia, mura, kijana wangu, nenda ukamweleze msichana mambo yetu, si wa huku, asije akaumia. Akaniitikia kama mtoto kwa baba, ndiyo tata. Nikajua ameshaelezwa. Kama ningejua hajaelezwa, Jackson nisingemtuma."

Nikamtazama Elia. Elia akatazama buti zake.

"Mdogo wangu amenipigia simu kutoka Busawe," Mzee akaendelea. "Sijui nani amewahi kumpelekea habari. Anasema mkamwana ameingia chumbani kwa mkwe, amemshika mkono, kwa hiyo uchumba umekufa, tusiite hata wazee."

Mama Elia akamtupia Mzee jicho.

"Nimemuuliza, mkamwana gani? Posa imepelekwa wapi? Leo si Jumamosi. Mpaka Jumamosi huyu ni mpangaji wangu wa chumba namba nne. Mpangaji ameletewa dalali mlangoni bila kuambiwa, akaja kumfokea mwenye nyumba wake na kumrudishia ufunguo wake mkononi. Hayo yanatokea Zizini kila siku. Hapo mkwe yuko wapi?"

Mama Elia akaziba mdomo kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Akasemaje?" akauliza alipoweza.

"Atasemaje? Amekata simu." Ncha ya fimbo ikagonga sakafu. "Mwambie aache kufunga vyombo. Ufunguo wake nimeuweka kwenye jiwe. Jumamosi ataurudisha, lakini aupitishe kwako. Na kuanzia siku hiyo asinisalimie tena."

Siku moja tu nyuma maneno hayo yangeniua. Nililia hapo kwenye kona mpaka kitenge cha Mama Elia kikalowa, na Mzee alisikia, na hakugeuka, na sasa nilijua kwa nini hageuki.

Jumamosi nikahama. Cherehani alibeba Elia peke yake, kwa kichwa, na sikumsaidia. Alipoitua kwa Mama Verdiana akajaribu kutabasamu. Nikamwonyesha mahali pa kuweka meza. Bado nilikuwa sijamaliza naye.

Nilipokuwa narudi kuchukua ndoo ya mwisho nikakutana na Mzee barabarani. Anatoka dukani, mimi natoka kwangu kupya, na katikati yetu hapakuwa na mtu. Shikamoo ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikaimeza. Nikashuka barabarani upande wangu, nikageukia ua wa watu, nikasubiri. Nikasikia fimbo yake nayo inashuka upande wake, ikatulia. Tulisimama hivyo, kila mmoja na ua wake, mpaka bodaboda mmoja mgeni akapunguza mwendo kutushangaa. Kisha fimbo ikapanda tena barabarani na kuondoka taratibu.

Jioni Mama Elia akaingia chumba changu cha mbele na kitu amekikunja kwapani. Akakitandaza juu ya meza ya cherehani. Lilikuwa lile koti la kijivu.

"Chumba cha kazi si chumba cha kulala," akasema. "Hapa linaruhusiwa. Nilimwambia alipeleke kwa fundi wa sokoni, akakataa. Mwezi mzima amelivaa kanisani hivihivi, linamchoma."

Nikaligeuza. Pini zangu zilikuwa bado kwenye mkono wa kushoto, zote, pale pale nilipozibana.

Elia alikuwa amekaa kizingitini, ananisubiri nimwambie neno. Sikumwambia. Nikatia uzi kwenye sindano, nikasogeza taa, nikaanza na mkono wa kushoto.